Zumari, klarineti na bua la mtama: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mgeni akiuliza muziki wa Dodoma ataonyeshwa zeze, marimba ya Kigogo inayopigwa kwa vidole gumba, na ngoma za muheme wanazopiga akina mama. Vyombo vya kupuliza huja nyuma kabisa, na labda ndiyo maana vinazushiwa mengi. Hapa nasema vile vyenye ulimi mmoja: kibanzi chembamba cha tete kinachotetemeka pumzi ikipita.

"Zumari na klarineti ni kitu kimoja." Hapana. Zumari ya Pwani ina ndimi zinazogongana zenyewe kwa zenyewe, klarineti ina ulimi mmoja tu. Filimbi haina ulimi hata kidogo. Pumzi hukatwa na ukingo wa tundu. Na saksafoni, ile tuliyoizoea kwenye dansi? Mwili wake ni wa shaba, lakini inalizwa na ulimi mmoja wa tete, kwa hiyo ndugu yake ni klarineti, si tarumbeta.

"Ulimi mmoja ni ubunifu wa Wazungu." Hii ndiyo dhana sugu kuliko zote. Ni kweli kwamba klarineti ya bendi za gwaride ilianzia Nuremberg, Ujerumani, mnamo 1700, kwa fundi Johann Christoph Denner. Lakini kwenye kuta za makaburi ya Saqqara, Misri, wamechorwa wapulizaji wa mianzi miwili iliyofungwa pamoja, kila mmoja na ulimi wake mmoja, na michoro hiyo imepita miaka 4,000. Wamisri hawajaacha mpaka leo. Zummara yao ina mianzi miwili ya urefu sawa. Arghul ina mmoja mrefu unaoshikilia sauti moja ya chini huku mwenzake akiimba.

Huko Afrika Magharibi, Wahausa na Wafulani hutengeneza chombo chao cha ulimi mmoja kwa bua la mtama. Mtama! Zao ambalo mtu wa Bahi au Chamwino hahitaji kufundishwa. Sidai kwamba Wagogo walikuwa na klarineti yao. Nasema malighafi inalala shambani kila baada ya mavuno, nasi tunawaachia ng'ombe.

Kazi yenyewe inataka kisu kikali na subira. Ulimi haugundishwi, unachanjwa kwenye ganda la bua lenyewe, pande tatu, wa nne unaachwa umeshikana. Ukikwangua karibu na shina lake unalegea na sauti inashuka. Ukiudondoshea nta ya nyuki nchani, sauti inashuka vilevile, maana umeuongezea uzito. Ulimi ukilala mno na kugoma kulia, pitisha unywele mmoja chini yake ukae wazi kidogo.

"Anayepuliza bila kukata sauti ana mapafu ya ajabu." Mapafu yake ni kama yako. Anajaza hewa mashavuni, na wakati mashavu yanaisukuma nje kama mivukuto ya mhunzi, yeye anavuta nyingine puani. Wanafunzi huanza kwa kupuliza mrija kwenye glasi ya maji, mapovu yasikatike. Mwanzoni maji yanaingia puani, hilo ujue.

"Chombo kirefu ndicho chenye sauti nene." Si mara zote. Klarineti na filimbi ya okestra zinakaribiana urefu, kama sentimita 66 hivi, lakini klarineti inashuka chini zaidi kwa karibu oktava nzima. Sababu ni kwamba bomba lake ni la upana uleule toka juu hadi karibu na chini, na upande wa ulimi ni kama limezibwa.

"Sauti inayokoroma ni dalili ya ubovu." Ajabu kuisikia Dodoma, ambako marimba aliyoitangaza duniani Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, huwekewa matundu yenye utando wa buibui makusudi ili yavume. Zummara nayo inakwaruza, na hivyo ndivyo wapenzi wake wanavyoitaka.

La mwisho ni la wenye klarineti za kwaya na bendi. Ulimi ukigoma mwezi wa Julai, upepo ukivuma na hewa ikiwa kavu, wengi huutupa wakidhani umekufa. Mara nyingi umekauka tu na kupinda ncha. Uloweshe mdomoni dakika chache, ulaze kwenye kioo unyooke, kisha ujaribu tena. Ukimaliza kupiga ufute, uutie kwenye kasha lake, wala usiuanike juani.