Ubaguzi kazini: nani anabeba mzigo wa kuthibitisha?

Mwajiri anayebagua haandiki barua kusema "tumekuachisha kazi kwa sababu una mimba." Barua husema "utendaji usioridhisha", nayo hufika wiki tatu baada ya mfanyakazi kumwarifu meneja wake kuwa ni mjamzito. Mwezi mmoja kabla, mfanyakazi huyo huyo alipata alama nzuri kwenye tathmini. Ziweke karatasi hizo mbili mezani, usome tarehe zake.

Sheria inalijua hilo. Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 2000, unazitaka nchi zilizouridhia zimbebeshe mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu ya kumwachisha mama haihusiani na ujauzito wala uzazi. Kwangu mimi hii ndiyo kinga kubwa kuliko zote, maana siri ya uamuzi imo kwenye mafaili ya mwajiri. Aliyefukuzwa angeitoa wapi?

Wala si lazima pawe na nia mbaya. Mkataba Na. 111 wa 1958 unatazama pia matokeo: utengaji au upendeleo wowote wa rangi, jinsia, dini, msimamo wa kisiasa au asili ya mtu, unaovuruga usawa wa fursa. Nchini Marekani, kampuni ya umeme ya Duke Power ilidai cheti cha sekondari kwa kazi zenye mshahara mzuri. Sharti lilikuwa la wote. Lakini wazungu walioajiriwa kabla yake waliendelea kuzifanya kazi zile zile vizuri bila cheti, huku weusi wengi wakibaki nje. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ililikataa, kwa kuwa halikuonyeshwa kuhusiana na kazi yenyewe. (Sharti ambalo kazi inalidai kweli, kama leseni kwa dereva, si ubaguzi.)

Kwa hiyo tunza karatasi zako: mkataba, tathmini, barua. Andika siku, maneno yaliyosemwa na waliokuwepo, na usiyaache kwenye kompyuta ya ofisi pekee; ukisimamishwa kazi, huenda usiifungue tena. Lalamika mapema, kwa sababu muda wa kufungua shauri una ukomo. Usiogope kwamba malalamiko yatakuponza: Mkataba Na. 158 wa 1982 unasema kumshtaki mwajiri kwa kuvunja sheria si sababu halali ya kuachishwa kazi. Na ukiletewa barua ya "kujiuzulu kwa hiari" na kutakiwa uitie saini papo hapo, omba nakala kwanza, uipeleke kwa chama cha wafanyakazi au mwanasheria.