Kukiita kitu dhambi si lazima kutaka mtu afungwe

Wengi huamini kwamba kiongozi wa kanisa anayefundisha kuwa mapenzi ya jinsia moja ni dhambi lazima pia anaunga mkono sheria za kuwaadhibu wahusika, na kwamba anayepinga sheria hizo ameacha mafundisho. Imani hii inaeleweka, kwani mambo hayo mawili husikika pamoja mimbarini.

Lakini ni maswali mawili tofauti. Mwaka 1967, Bunge la Uingereza lilipoondoa adhabu kwa wanaume wazima waliofanya mapenzi faraghani kwa kukubaliana, katika England na Wales, baadhi ya maaskofu waliunga mkono huku wakiendelea kukiita kitendo hicho dhambi. Hoja yao: si kila dhambi ni jinai. Mwaka 1998, maaskofu wa Kianglikana waliokutana Canterbury walikataa matendo hayo, na katika azimio hilohilo wakalaani woga usio na msingi dhidi ya watu wa mapenzi ya jinsia moja. Uganda nako, baadhi ya viongozi wa kanisa walioipokea vizuri sheria ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja walipinga kipengele cha adhabu ya kifo. Kwangu tofauti hii ni nzito, maana inahusu uhai wa mtu.

Ukikutana na tamko, lisome lote, si kichwa cha habari tu. Linazungumzia dhambi, ndoa kanisani, au kifungo? Limetolewa na mchungaji mmoja au na sinodi, yaani baraza la kanisa? Kisha lilinganishe na maandishi ya sheria yenyewe, kifungu kwa kifungu.