Ritifaa ya ng'ombe na utafutaji wa barua pepe kwa notmuch

Ukitunza barua za mnada au za wauza asali hapa Tabora kwa notmuch, programu ya kupanga na kutafuta barua pepe, haichukui muda utaandika hivi:

notmuch search subject:"bei ya asali"

Majibu yatakuja, ila mengine hayahusiki kabisa. Amri hiyo husomwa mara mbili. Bash, programu inayopokea amri zako kwenye terminali, huisoma kwanza, na alama za nukuu hudhani ni zake: hushikilia nazo maneno matatu pamoja, kisha huzivua. Kinachoifikia notmuch ni subject:bei ya asali. Hapo subject:, yaani kichwa cha barua, hulishika neno bei tu, ya na asali hutafutwa popote barua nzima, maana maneno yasiyo na kiungo notmuch huyaunganisha kwa and.

Vika swali zima nukuu pweke:

notmuch search 'subject:"bei ya asali"'

Ndani ya nukuu pweke bash haigusi kitu. Mabano, $ na * hupita salama. Nyota ikiachwa wazi hugeuzwa majina ya mafaili ya folda uliyomo.

Kwetu sisi shida kubwa ni ng'ombe. Kwenye kibodi, ritifaa ndiyo nukuu pweke yenyewe. Ukiandika 'subject:"bei ya ng'ombe"', bash huona nukuu imefungwa baada ya ng. Ile nukuu jozi ya mwisho inafunguka upya bila mwenzake, nawe unabaki na alama ya > ikikusubiri. Bonyeza Ctrl+C, geuza mpangilio:

notmuch search "subject:\"bei ya ng'ombe\""

Mkwaju wa nyuma huzuia bash kuvua nukuu za ndani. Angalia tu: ndani ya nukuu jozi, $ inarudi mikononi mwa bash, na ! pia ukiwa unaandika moja kwa moja kwenye terminali. Usiikwepe ritifaa kwa kuandika ngombe. Kwenye faharasa, yaani orodha ya maneno ambayo notmuch hutafutia, hilo ni neno jingine, hutapata barua zako.

Kwa notmuch tag, amri ya kuweka au kuondoa lebo, kuwa mkali zaidi. Search ikikosea unaona na kurudia, lakini tag hubadilisha lebo za kila barua iliyonaswa. Anza na count, inayohesabu tu barua, kwa swali lilelile, ulinganishe idadi na unayoitarajia. Ukibaki na shaka, iambie notmuch ionyeshe ilivyolielewa swali:

NOTMUCH_DEBUG_QUERY=yes notmuch count 'subject:"bei ya asali"'

Ukiona neno PHRASE kati ya maneno yako, nukuu zimefika.