Hedhi Inapokoma: Mambo ya Kufanya Kabla ya Kununua Dawa ya Chupa

Ukipita Mwanjelwa jioni utasikia spika zikitangaza dawa za kila kitu: mgongo, presha, kusafisha kizazi, na siku hizi hata kumrudishia ujana mama aliyeacha kuona siku zake. Nafanya kazi ya ukunga na ushauri wa lishe hapa Mbeya, na wengi wa kina mama wanaonifuata kwa habari ya kukoma hedhi huja wakiwa wameshanunua chupa. Sina ugomvi na tiba asili. Kinachoniuma ni mama kutoa hela ambayo ingenunua mbolea akapewa maji ya majani asiyoyajua, wakati vitu vya asili vyenye msaada wa kweli anavyo jikoni, shambani na kitandani kwake.

Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi akipitisha miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, na hakuna mimba, dawa wala ugonjwa uliosababisha. Kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55. Miaka michache kabla ya hapo ndiyo yenye vurugu: ovari hazipunguzi homoni ya estrojeni taratibu, bali homoni hiyo hupanda na kushuka, ndiyo maana mwezi huu damu inakuja nyingi, mwezi ujao haionekani, na usingizi unakatika bila sababu. Katika kipindi hicho mimba bado inaingia. Aliye chini ya miaka 50 aendelee na uzazi wa mpango mpaka atimize miaka miwili bila hedhi. Aliyevuka 50, mwaka mmoja unatosha. Na hedhi ikikoma kabla ya miaka 40, usijitibu nyumbani, nenda hospitali, kwa sababu mifupa na moyo vitakaa muda mrefu mno bila ulinzi wa estrojeni.

Sasa joto. Hili ndilo linalowaleta wengi.

Ndani ya ubongo kuna sehemu inayolinda kiwango cha joto la mwili. Estrojeni ikishuka, sehemu hiyo inakuwa kama mlinzi anayepuliza filimbi kila jani likidondoka: joto likipanda kidogo tu, mishipa ya ngozi inafunguka, uso unawaka, moyo unaenda mbio, jasho linatoka, halafu baridi inaingia. Linadumu dakika chache, kisha linapita. Tafiti kubwa zilizofanyika Marekani zimeonyesha kwamba hali hii huweza kuendelea kwa wastani wa miaka saba hivi, kwa hiyo mama anayeniambia mwaka wa tatu huu bado anaungua, simwambii ana tatizo la ajabu.

Huku nyanda za juu joto hili lina shida yake ya pekee. Mwezi wa sita na wa saba, Makete na Uporoto kukiwa na sakitu, mama analala kwenye chumba kilichofungwa vizuri, chini ya blanketi moja zito la manyoya, baba upande huu na mjukuu upande ule. Saa nane usiku analowa. Anatupa blanketi, baridi inampiga kwenye jasho, anajifunika tena, analowa tena. Asubuhi anaamka amechoka na hasira zake, na watu wa nyumbani wanasema tabia imembadilika. Mara nyingi kilichombadilisha ni usingizi. Dawa ya hapo ni mpangilio wa kitanda: shuka la pamba chini, mablanketi mawili mepesi badala ya moja zito, kila mtu na lake, gauni la pamba la kulalia, na khanga kavu karibu na mto ya kubadilisha bila kuwasha taa. Mchana vaa kwa tabaka, sweta lenye vifungo juu ya blauzi nyepesi, si lile la kuvulia kichwani. Chai usiache, ila ipoe kidogo, na kahawa iishie asubuhi. Pombe za kienyeji, komoni na ulanzi, huongeza joto la usiku na kukata usingizi. Hapo sina la kulegeza. Na jiko la mkaa lisiingie chumbani kwa sababu yoyote, maana hewa yake inaua watu kila msimu wa baridi.

Jambo moja nalisisitiza kwa wenzangu wa mikoa hii. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, viwango vya juu kabisa nchini. Jasho la usiku linalokuja pamoja na kikohozi cha wiki mbili, homa au kupungua uzito lisipewe jina la umri. Pima kifua kikuu, na kama hujui hali yako, pima na VVU. Nimewaona kina mama wa miaka 50 ambao hakuna aliyewahi kuwashauri kupima, kwa kudhani umri wao umeshapita mambo hayo.

Katika vyakula, kinachoulizwa sana ni soya, na bahati nzuri inalimwa hukuhuku. Ina viambato vinavyofanana kidogo na estrojeni. Kwa baadhi ya wanawake hupunguza idadi ya mara joto linapokuja; hailiondoi. Wengine hawaoni tofauti yoyote, na sababu moja ni kwamba wadudu wadogo wa utumbo ndio wanaogeuza kiambato kimojawapo kuwa cha nguvu zaidi, na si kila mtu ana wadudu hao. Kwa hiyo usishangae jirani yako amepona nusu na wewe bado. Tumia vijiko vikubwa vitatu au vinne vya unga wa soya kwa siku kwenye uji, kwa miezi mitatu, ndipo uamue. Soya lazima ichemshwe vizuri, imenywe maganda, ikaushwe ndipo isagwe. Ikisagwa mbichi huzuia mwili kumeng'enya protini na tumbo litakusumbua. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti azungumze kwanza na daktari wake, hasa kabla ya kugusa vidonge vya soya vinavyouzwa madukani.

Mifupa haipigi kelele, ndiyo maana naitetea kuliko kitu kingine. Miaka mitano hadi saba ya mwanzo baada ya hedhi kukoma, mfupa hupungua haraka kuliko wakati mwingine wowote wa utu uzima, na mama hajui mpaka ateleze kwenye tope la masika akavunjika kifundo cha mkono au nyonga. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji miligramu 1,200 hivi za kalsiamu kwa siku. Kikombe cha maziwa cha robo lita kina kama 300. Hapo ndipo Rungwe inaponisikitisha. Nimekaa kwenye nyumba yenye ng'ombe wawili wa maziwa, mama wa nyumba mwalimu mstaafu, na alfajiri dumu zima likapanda pikipiki kwenda kituo cha kukusanyia. Yalibaki ya kubadilisha rangi ya chai tu. Nikamwuliza yeye anakunywa kiasi gani. Akasema, "Nesi, maziwa si ya watoto?" Tulikubaliana abakize nusu lita kila siku, agandishe, ale mtindi wake mchana na jioni. Mtindi pia unawafaa wale ambao maziwa mabichi huwajaza gesi.

Usiye na ng'ombe, nunua usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Usipa wa Kyela unaoliwa mzima, na kichwa chake na miba yake, ni kalsiamu tupu pamoja na protini. Kiganja kimoja cha usipa mkavu kwenye maharage kinafanya kazi kubwa. Uoshe chumvi kama ni wa chumvi, kwa sababu chumvi nyingi huitoa kalsiamu kwenye mkojo na kupandisha presha kwa wakati mmoja. Figiri, chinese na sukuma wiki hutoa kalsiamu inayonyonywa vizuri. Mchicha ni mboga nzuri kwa mengine, lakini una kemikali inayoishika kalsiamu isinyonywe mwilini, usiutegemee peke yake. Parachichi, ambalo Njombe na Rungwe tunalo tele, si la kalsiamu. Kazi yake ni moyo, kwani mafuta yake ni bora kuliko ya kukaangia, na hedhi ikishakoma, hatari ya magonjwa ya moyo kwa mwanamke hupanda. Pima presha kila unapofika kituoni.

Kalsiamu bila vitamini D haiingii vizuri, na vitamini D inatoka juani. Jua tunalo mwaka mzima, ila wakati wa baridi tunajifunika kuanzia kichwani hadi visigino. Anika maharage yako mchana mikono na miguu ikiwa wazi, nusu saa hivi, siku nyingi za wiki. Ngozi yetu nyeusi inahitaji muda zaidi kuliko nyeupe.

Halafu misuli. Mama wa kijijini anayepanda kilima na ndoo kichwani mfupa wake unapata mzigo unaohitaji. Wasiwasi wangu ni mama wa dukani na wa ofisini Mbeya mjini au Iringa, anayepanda bajaji kutoka Soweto hadi Kabwe. Tembea kwa kasi, jumla ya dakika 150 kwa wiki, na mara mbili kwa wiki fanya kazi ya nguvu: kulima, kubeba, au kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara kumi, upumzike, urudie. Uzito ukipungua, na joto la ghafla hupungua kwa wengi.

Kuhusu vidonge nina maneno mawili. Vile vya kuongeza damu visiendelee kwa mazoea: hedhi ikikoma, mahitaji ya madini ya chuma hushuka kutoka miligramu 18 hadi 8 kwa siku. Cha pili ni kwa anayetumia ARV. Kidonge kimoja cha siku ambacho wengi wanacho sasa kina dolutegravir, na kidonge cha kalsiamu au cha chuma hunasa dawa hiyo tumboni isiingie kwenye damu. Meza ARV masaa mawili kabla ya kidonge cha kalsiamu au cha chuma, au masaa sita baada yake, au vimeze vyote pamoja na mlo. Maziwa na usipa havina shida. Mwambie nesi wa kliniki yako kila unachotumia, majani na unga vikiwemo. Kibebe kilivyo kwenye chupa yake.

Ukavu ukeni hausemwi, mama anaanza tu kukwepa tendo na nyumba inaingia ubaridi. Ukuta wa uke unakuwa mwembamba, unachubuka, UTI zinarudi mara kwa mara. Acha sabuni ndani, acha kujifukiza na kuweka shubiri, tangawizi au kitu chochote cha "kubana"; michubuko hiyo ndiyo njia ya VVU. Mafuta ya nazi au ya parachichi yanalainisha, lakini hupasua kondomu. Mnaotumia kondomu nunueni kilainishi cha maji famasi. Ikishindikana, kuna krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, na ipo tiba ya homoni kwa wanaoteseka sana na joto. Daktari ndiye anayepima nani inamfaa, na kuitumia si kushindwa.

Tangawizi, mchaichai na mdalasini kunywa kwa raha yako. Mlonge ni mboga yenye lishe; haurudishi hedhi. Mizizi na unga usioeleza kilichomo ndiyo nakataza, hasa kwa mwenye presha, kisukari, ini au ARV. Tangu sheria ya 2002 nchi ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa zao. Muulize muuzaji namba ya usajili, na akianza kuzunguka, ondoka.

Lisilosubiri hata siku moja ni damu. Ukishatimiza miezi 12 bila hedhi, halafu ukaona damu, hata tone kwenye chupi, hata ya rangi ya kahawia, hedhi haijarudi na ujana haujarudi. Mara nyingi ni ukavu tu au uvimbe mdogo, lakini inaweza kuwa saratani ya mlango wa kizazi au ya ukuta wa kizazi, na kwa macho huwezi kutofautisha. Usiweke dawa yoyote ndani, usingoje ikome. Zahanati ikuandikie rufaa; kwa Mbeya mjini, Hospitali ya Wazazi Meta ni mahali pa kwenda. Kile kipimo cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi kutafuta dalili za saratani, peke yake hakitoshi kwa umri huo, kwa sababu sehemu inayotazamwa huwa imeingia ndani. Watakuchunguza mlango wa kizazi, watakupiga ultrasaundi kuona unene wa ukuta, na ukuta ukiwa mnene watachukua nyama kidogo ipelekwe maabara. Saratani ya ukuta wa kizazi ikikutwa mapema, wengi hupona kwa upasuaji wa kuondoa kizazi.