Kosovo na Judo: Yasemwayo Barazani na Yaliyo Kweli

Hapa Ngamiani, jijini Tanga, mazungumzo ya Olimpiki kwenye baraza la kahawa hayakosi kurejea medali mbili za fedha ambazo Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walizileta kutoka Moscow mwaka 1980, ambazo hadi leo hazijapata mwenzao. Safari hii mzee mmoja aliitaja Kosovo, nchi ya kusini-mashariki mwa Ulaya yenye watu wasiofika milioni 2, ambayo imekwisha kuvuna medali 5, zikiwemo 3 za dhahabu, zote za judo na zote za wanawake. Kahawa haijapoa vikombeni, kila mtu alikuwa na sababu yake, na karibu kila sababu ilikuwa na kasoro.

Ilidaiwa kwanza kwamba serikali yao ilimwaga fedha. Ukweli ni kwamba mradi huo ulianzia mtaani. Driton Kuka, mwanajudo aliyekosa Olimpiki ya Barcelona ya 1992 wakati Yugoslavia, iliyokuwa na Kosovo ndani yake, ikisambaratika, alianza kufundisha watoto wa mjini kwao, Peja, baada ya vita vya 1998–1999, na miongoni mwao alikuwamo Majlinda Kelmendi, msichana wa miaka 8. Washindi wote watatu wa dhahabu wametokea mji huo mmoja, kama kwamba dhahabu zote za Tanzania zingetoka Chumbageni, hapa Tanga.

Anayedhani judo ni kuvunja matofali anaichanganya na karate. Mchezo huu, ulioasisiwa Japani na Jigoro Kano mwaka 1882 na kuingia Olimpiki mwaka 1964, hauna ngumi wala teke. Ni jamaa ya mieleka. Niliwahi kusimama mlangoni mwa ukumbi mmoja hapa mjini nikitazama watoto wakifundishwa kuanguka tu: kidevu kimebanwa kifuani, kiganja kikipiga mkeka kwa kishindo ili mgongo usibebe pigo lote. Nusu saa nzima hakuna aliyeruhusiwa kumwangusha mwenzake. Mchezo wa namna hiyo hudai subira na kocha asiyehama kuliko viwanja vya gharama, tena kila uzito una medali zake, kwa hiyo nchi ndogo haihitaji kutafuta wachezaji 11 walio sawa kwa ubora.

Dhana iliyoshika mizizi zaidi ni kwamba dhahabu ya kwanza, ile ya Kelmendi katika Olimpiki ya Rio ya 2016, ndiyo iliyoifanya Kosovo itambuliwe. Mambo yalikwenda kinyume chake. Kosovo ilijitangazia uhuru mwaka 2008, lakini London 2012 Kelmendi alilazimika kuiwakilisha Albania, kwa kuwa nchi yake haikuwa mwanachama wa Olimpiki. Mwaka 2014 alitetea ubingwa wake wa dunia mjini Chelyabinsk, Urusi, chini ya bendera ya shirikisho la judo la kimataifa. Uanachama wa Olimpiki ulipatikana Desemba mwaka huo huo. Ndipo mwaka 2016 akaibeba bendera ya Kosovo mjini Rio, na siku chache baadaye akamshinda Odette Giuffrida wa Italia katika fainali ya kilo 52. Umoja wa Mataifa hadi leo haujaipokea Kosovo.

Wala tusidhani kwamba medali hiyo ilimaliza swali la wao ni nani. Bendera yao ya buluu ina nyota 6 kwa ajili ya jamii mbalimbali za nchi hiyo, na wimbo wao wa taifa hauna maneno, ili lugha ya jamii moja isiwe juu ya nyingine. Kwa hiyo Kelmendi aliposimama jukwaani hapakuwa na ubeti wa kuimba. Sisi tuliozoea kuimba wimbo wetu kila asubuhi shuleni tunaweza kuona ugeni wa jambo hilo.

Lipo pia dai kwamba yote hayo yalikuwa kipaji cha mtu mmoja. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, Distria Krasniqi alitwaa dhahabu Julai 24, Kelmendi akatolewa katika pambano lake la kwanza siku iliyofuata, na Julai 26 Nora Gjakova akatwaa dhahabu nyingine. Miaka mitatu baadaye, Paris, Laura Fazliu alipata shaba, na Krasniqi, ambaye Tokyo alishindana katika kilo 48, alipata fedha katika uzito alioachiwa na Kelmendi, kilo 52.