Maktaba ya hifadhidata inayokuja na seva: tunayoyaamini na yalivyo

Vijana wanaoandika programu za AMCOS (ushirika wa mazao) na SACCOS (akiba na mikopo) hapa Mbeya hubishana sana: kwa nini seva ya programu za Java ya WildFly huja na Hibernate, maktaba ya kuunganisha programu na hifadhidata, seva ya GlassFish na maktaba ya EclipseLink, halafu seva ya TomEE na maktaba ya OpenJPA? Majibu wanayopeana ndiyo yananiumiza kichwa.

Dhana: Watengeneza seva huchagua maktaba yenye kasi kuliko zote.

Kasi siyo yote: leseni, yaani masharti ya kutumia na kusambaza programu, na ukoo wa maktaba vina uzito mkubwa. TomEE ni mradi wa Apache, taasisi ya programu huria, na Apache hairuhusu miradi yake kusambaza maktaba zenye leseni iitwayo LGPL. Hibernate ilikaa chini ya leseni hiyo miaka mingi, ikahamia ya Apache kuanzia toleo la 7. Kwa hiyo nafasi ilichukuliwa na OpenJPA, mtoto wa nyumbani kwa Apache. WildFly na Hibernate zilikulia pamoja kampuni ya Red Hat. EclipseLink nayo ilizaliwa na TopLink, maktaba ya zamani ambayo Oracle iliikabidhi kwa Eclipse Foundation mwaka 2007.

Dhana: Ukishafunga seva, maktaba yake ni yako milele.

Hapana. Mara nyingi unaweka faili za maktaba unayoitaka ndani ya programu yako, unaitaja kwenye persistence.xml, faili la mipangilio ya hifadhidata, basi.

Dhana: Zote zinafuata kanuni za JPA (kanuni za Java za kuhifadhi data kwenye hifadhidata), kwa hiyo kuhama ni kama kubadilisha betri.

Hii ndiyo iliyotugharimu. Kanuni hizo, zilizotoka mara ya kwanza 2006, zinaacha mambo mengi yaamuliwe na kila maktaba. EclipseLink huwasha kashe ya pamoja, yaani nakala za data zinazowekwa kwenye kumbukumbu ili zitumike tena, bila kuombwa. Hibernate huiacha imezimwa mpaka uiwashe mwenyewe.

Tulikuwa na mfumo wa ghala la viazi upande wa Uyole. Mzani wa getini ulikuwa na programu yake, ikiandika moja kwa moja kwenye hifadhidata. Tukahama kutoka Hibernate kwenda EclipseLink na majaribio yote yakapita. Wiki hiyohiyo mama mmoja akasimama dirishani na risiti ya magunia 46.

“Mama, kompyuta inasoma arobaini,” karani akamwambia.

“Mwanangu, magunia yangu nimeyahesabu mwenyewe.”

Mama alikuwa sahihi, na jedwali lilikuwa na 46. Programu yetu ilikuwa ikisoma nakala ya asubuhi iliyobaki kwenye kumbukumbu. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja wa persistence.xml: shared-cache-mode kuwa NONE. Kasi ikapungua kidogo, nikaikubali kwa moyo mmoja, maana pale dirishani deni la mtu haliwezi kusomwa kwa makadirio.

Dhana: Ripoti ikichelewa, badilisha maktaba.

Kwanza washa orodha ya maswali ya SQL (lugha ya hifadhidata) yanayotumwa, uisome. Ukiorodhesha wanachama 300 na kufuata akaunti ya kila mmoja ndani ya kitanzi, unaweza kutuma maswali 301 kwenye hifadhidata, uwe na Hibernate, EclipseLink au OpenJPA. JOIN FETCH moja, amri ya kuvuta wanachama na akaunti zao kwa pamoja, inaweza kuyafanya kuwa swali moja.