Kreatinini na mapacha wake wa uongo

"Dada, figo za mgonjwa wangu zimepona kwa saa mbili?" Daktari aliyenipigia simu alikuwa na karatasi mbili mkononi. Damu ni ya mtu mmoja, imetolewa mara moja, lakini maabara moja imeandika kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huichuja, mikromoli 187 kwa lita na yetu imeandika 98. Ukifuata karatasi ya kwanza, unaanza kuzungumzia figo zilizoumia. Ya pili haina habari kubwa.

Nilimuuliza swali moja tu: mgonjwa ana kisukari? Anacho, na alikuwa amelazwa kwa sababu damu yake imejaa ketoni, mabaki ya mwili unaochoma mafuta badala ya sukari.

Hapo mambo yalieleweka. Maabara ile ilitumia mbinu ya rangi iliyotokana na kazi ya Max Jaffe ya mwaka 1886: kreatinini ikikutana na asidi pikriki ndani ya myeyuko wa alkali, inatoa rangi ya machungwa inayoelekea wekundu, na wingi wa rangi ndio kipimo. Ni ya bei nafuu na ya haraka, ndiyo maana bado ipo. Kasoro yake ni kwamba asidi pikriki haichagui. Asetoasetati, ambayo ni mojawapo ya ketoni, inaitia rangi. Glukosi nyingi inaitia rangi, na protini pia, hata baadhi ya dawa za jamii ya sefalosporini. Bilirubini inafanya kinyume: inashusha jibu. Kwa hiyo yule ambaye tungependa zaidi kujua hali ya figo zake ndiye mbinu hii inayemkosea zaidi.

Sisi tulipima kwa spektrometa ya tungamo, mashine isiyojali rangi. Inapima uzito wa molekuli iliyobeba chaji ya umeme, yaani ioni. Kreatinini ikipewa protoni moja inasomeka 114. Chujio la kwanza linapitisha 114 pekee, kisha molekuli hizo zinagonganishwa na gesi mpaka zinavunjika, na chujio la mwisho linasubiri kipande chenye uzito wa 44. Si vitu vingi vyenye uzito huo ambavyo pia vinavunjika hivyo.

Lakini kinachonifanya niliamini jibu ni kitu tunachotia kwenye sampuli kabla ya kuigusa kwa lolote jingine: kreatinini nzito, ambayo haidrojeni tatu za kawaida zimebadilishwa na tatu za deuteri, haidrojeni iliyo nzito zaidi. Kikemia inaenenda karibu sawa na ile ya mwilini, ila inasomeka 117, na kipande chake ni 47. Fikiria ndoo ya shanga nyeupe usizoweza kuzihesabu. Tia nyekundu 100, koroga vizuri, chota konzi moja. Ukikuta nyekundu 5 na nyeupe 40, ndooni mlikuwa na nyeupe 800. Hata nusu ya konzi ikimwagika njiani, uwiano unabaki uleule. Protini ikitoka na sehemu ya sampuli, au chumvi ikififisha ioni, nyepesi na nzito zinapata hasara pamoja. Mashine bila kiwango hiki cha ndani ni mizani ya gharama kubwa tu.

Na mizani hiyo inaweza kudanganywa. Mimi ilinidanganya. Mwanzoni nilitaka kufupisha muda wa kila sampuli, nikapunguza kromatografia, yaani hatua ya kutenganisha vitu kabla havijaingia kwenye mashine. Majibu yakaanza kupanda kidogo kwenye baadhi ya sampuli, si zote. Mkosaji alikuwa kreatini, mzazi wa kreatinini, yenye ioni ya 132. Kwenye joto la mlango wa mashine inadondosha molekuli moja ya maji, na 132 ukiondoa 18 ni 114. Ndani ya chujio la kwanza hakuna tena cha kuwatofautisha. Nilirudisha dakika zangu na tatizo likaisha.

Mapacha wa namna hii wamejaa katika kazi yetu. Asidi ya methilimaloniki, inayopanda vitamini B12 inapopungua na pia figo zinapodhoofika, ina uzito sawasawa na asidi ya suksiniki. Lusini na isolusini, asidi amino mbili, hazitengani kwa uzito hata kidogo. Ninaowapenda ni arginini mbili zenye methili mbilimbili, zote 203. Moja huondolewa zaidi na figo, nyingine huvunjwa zaidi na kimeng'enya. Ukizigonga, ya figo inatoa kipande cha 172 na mwenzake cha 46. Uzito unafanana, namna ya kuvunjika ndiyo inawasaliti.

Kisukari na ugonjwa wa figo hukutana pia kwenye hemoglobini. Glukosi hujishika kwenye ncha ya mnyororo wa beta, na hicho ndicho inachopima HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi iliyopita. Figo zikishindwa, urea hupanda na zao lake hujishika palepale. Mbinu za zamani zinazotegemea chaji zilichanganya vitu hivyo viwili. Kwa uzito havifanani hata kidogo: glukosi inaongeza 162, lile la urea 43. Njia rejea ya kimataifa hukata ncha ya asidi amino sita kwa kimeng'enya, ikapima iliyobeba glukosi na isiyobeba. Hata hivyo, figo zinaposhindwa chembe nyekundu huishi muda mfupi zaidi, hazipati siku za kutosha kukusanya glukosi. Nambari inaweza kuwa sahihi kabisa na bado ikampa daktari picha nzuri kuliko hali ilivyo. Mashine haina tiba ya hilo.

Sidai kila hospitali inunue spektrometa. Wodi haiwezi kutusubiri. Kazi yetu kubwa iko nyuma ya pazia: kupima vifaa rejea ambavyo mbinu nyingine zinasawazishwa navyo. Mbinu za kreatinini ziliposawazishwa hivyo, mlinganyo wa MDRD wa kukadiria uchujaji wa figo ulibadilishwa namba yake ya mwanzo kutoka 186 hadi 175, maana kreatinini ya zamani ilikuwa imevimbishwa. Tatizo ni kwamba kusawazisha kunarekebisha wastani. Hakuondoi ketoni kwenye damu ya mgonjwa huyu.

Nilimwambia daktari asiitupe karatasi ya kwanza, aandike juu yake "ketoni", na sampuli ya kesho aombe ipimwe kwa mbinu ya vimeng'enya, isiyotegemea asidi pikriki. Akaniuliza kama ile maabara nyingine wanayo. Wanayo, ila hutumika tu kwa anayeiomba.